Hasara ya Kwanza ni ya Nani? Hatifungani za Mikopo na Sheria Zilizokuja Baada ya 2008

Tarehe 9 Agosti 2007 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilifunga mifuko yake mitatu ya uwekezaji. Hakuna kutoa. Wenye pesa hawakuambiwa kwamba zimeibwa, wala kwamba zimekwisha. Waliambiwa kwamba mali iliyomo ndani haiwezi tena kupigiwa thamani. Mifukoni humo mlikuwa na hatifungani, yaani hati za deni zinazouzwa kwa wawekezaji, zilizotokana na mikopo ya nyumba za Marekani, na wakati huo hakupatikana mtu wa kuzitajia bei. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, Septemba 15, 2008, benki ya Marekani ya Lehman Brothers ikafilisika, na dunia nzima ikaingia kwenye msukosuko wa mikopo.

Ilikuwaje watu wazima, wenye shahada na mawakili, wanunue kitu wasichojua kina nini ndani? Na baada ya kuungua, sheria zilibadilika wapi hasa? Zamani ungeweza kusema haya ni mambo ya Wamarekani. Sasa sivyo. Kenya imeingia katika soko la hatifungani za aina hii kwa mabilioni ya shilingi, na petroli tunayotia kwenye boti hapa Lamu ni sehemu ya biashara hiyo. Nitafika huko. Kwanza tukitazame kitu chenyewe kinavyoundwa, maana bila hilo sheria zake hazieleweki.

Mashine mia mbili

Tuseme kuna chama cha akiba na mikopo Lamu kinachowakopesha wavuvi na manahodha mashine za boti. Mashine moja inagharimu shilingi 250,000. Chama kimekopesha watu 200, kuanzia Shela na Matondoni mpaka Faza na Kizingitini. Jumla ni shilingi milioni 50, nazo zitarudi kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Shida ni kwamba hazina imekauka na bado wanachama wengine wanasubiri zamu yao.

Anakuja mtaalamu kutoka Nairobi na rai: yauzeni haya madeni. Inaundwa kampuni ndogo, haina ofisi wala wafanyakazi, kazi yake ni moja tu, kumiliki madeni 200. Kampuni hiyo inatoa hatifungani, wawekezaji wananunua, na pesa zao zinakwenda chamani. Kuanzia hapo marejesho ya nahodha wa Shela yanapita tu chamani. Mwenyewe hasa ni mtu aliye Nairobi, au Johannesburg, au London. Nahodha huenda asijue kwamba deni lake limehama. Risiti ni ile ile, karani ni yule yule.

Ile kampuni ndogo si mapambo. Imewekwa ili chama kikifilisika kesho, wadai wake wasiweze kuyashika madeni ya mashine. Yameshatoka nyumbani. Mwenye hatifungani anategemea manahodha tu, hategemei afya ya chama.

Lakini si kila mnunuzi ana moyo wa kubeba hatari sawa. Kwa hiyo milioni 50 zinakatwa matabaka. La juu ni milioni 40: riba yake ndogo, lakini linalipwa kabla ya mengine. La kati ni milioni 7.5. La chini ni milioni 2.5: linapata riba nono, na likitokea la kutokea linakula hasara ya kwanza. Mashine kumi zikiacha kulipwa kabisa, mwenye tabaka la chini hana kitu, na wenzake wa juu hawajaguswa hata shilingi. Zikifika arobaini, wa kati naye amekwisha. Wa juu anaanza kuumia kwa mashine ya arobaini na moja.

Hapo inaletwa kampuni ya ukadiriaji, ambayo kazi yake ni kulipatia kila tabaka alama. Inatazama rekodi za nyuma, inaona kwamba katika wakopaji 200 wanaoshindwa huwa saba, nane, au kumi. Arobaini na mmoja kushindwa kwa pamoja? Hesabu inasema ni kama muhali. Tabaka la juu linapewa AAA, alama ile ile inayopewa serikali tajiri.

Hesabu hiyo ina kasoro ambayo mtoto wa Lamu ataiona kabla ya mtaalamu, nayo ni upepo wa kusi. Kusi ikichachamaa kati ya Juni na Agosti, haimfungi nahodha mmoja mmoja. Inawafunga wote: mwenye mashine mpya na mwenye kuukuu, hodari na mvivu, mlipaji na mkwepaji. Mwaka wa kusi kali wakopaji hawaanguki saba. Wanaanguka bandari nzima. Anayepiga hesabu kana kwamba kila mdeni ana bahari yake mwenyewe amekosea tangu mstari wa kwanza, hata kama kujumlisha kwake hakuna dosari.

Marekani kosa lilikuwa hilo hilo. Biashara ya kufunga mikopo ya nyumba pamoja na kuiuza haikuwa ngeni. Shirika la serikali la Ginnie Mae lilikuwa likiifanya tangu 1970, na kwa miongo mingi ilikwenda vizuri. Lakini mahesabu ya miaka ya 2000 yalisimama juu ya imani kwamba bei za nyumba zinaweza kushuka Florida huku zikipanda Texas, haziwezi kushuka nchi nzima kwa mpigo. Kuanzia 2006 zikaanza kushuka. Wenye nyumba waliokuwa wakitegemea kukopa upya ili walipe mkopo wa kwanza wakakwama kila mahali kwa wakati mmoja.

Na kulikuwa na ngazi nyingine juu ya hiyo. Yale matabaka ya kati ambayo hayakuwa na wanunuzi wengi yalikusanywa kutoka mafungu mengi, yakafungwa upya, yakakatwa matabaka tena, na sehemu kubwa ya fungu hilo jipya ikapewa AAA. Tume iliyoundwa kuchunguza msukosuko ule iliandika katika ripoti yake ya 2011 kwamba mwaka 2006 kampuni ya ukadiriaji ya Moody's ilikuwa ikitoa AAA kwa hatifungani 30 za mikopo ya nyumba kila siku ya kazi. Asilimia 83 ya zilizopewa alama hiyo mwaka huo zilikuja kushushwa. Thelathini kwa siku! Hapo mtu anasoma nini na saa ngapi?

Kila mtu alishalipwa

Ukiifuata njia ya mkopo mmoja unaona kwa nini hakuna aliyejali. Dalali aliyeuandika alilipwa siku ulipotiwa saini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza kama mshahara uliotajwa kwenye fomu ni wa kweli. Mkopeshaji aliuuza ndani ya wiki chache. Benki iliyoufunga pamoja na mingine ilichukua ada. Kampuni ya ukadiriaji ililipwa na yule yule aliyetaka alama nzuri, na akinyimwa alikuwa na mlango wa jirani wa kubisha. Mkopo ulipokuja kuharibika, wote walioupitisha mikononi walikuwa wameshaondoka na chao.

Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kila mara, na ni ya kweli. Lakini ina sehemu inayorukwa, na mimi naiona muhimu kuliko yote: mabenki yenyewe hayakutoka mikono mitupu. Mengi yalibaki na shehena za matabaka ya juu, ama kwa kushindwa kuyauza ama kwa kuamini AAA zao wenyewe. Mengine yaliweka shehena hizo kwenye kampuni za pembeni zisizoonekana katika vitabu vyao. Desemba 2007 Citigroup ililazimika kurudisha vitabuni mwake mali ya dola bilioni 49 kutoka kampuni za namna hiyo. Kwa hiyo walikuwa na chao ndani, kingi tu, na bado wakaangamia. Mtu anaweza kuweka mali yake mwenyewe kwenye chombo kinachovuja, ikiwa hajashuka ngama kutazama.

Tuyaweke hayo mawili kichwani: wengine hawakuwa na cha kupoteza, na wengine walikuwa nacho ila hawakujua. Sheria zilizofuata zinagawanyika hapo hapo.

Asilimia tano

Rais Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank Julai 21, 2010. Kifungu chake cha 941 ndicho kinachotajwa zaidi katika habari hizi: anayefunga mikopo na kuiuza lazima abaki na angalau asilimia 5 ya hatari yake. Haruhusiwi kuiuza sehemu hiyo wala kuikatia kinga itakayomlipa ikiharibika, mpaka muda uliowekwa upite. Kanuni zenyewe zilichukua miaka minne kuandikwa, kwa sababu mashirika sita ya serikali yalipaswa kukubaliana; zikakamilika Oktoba 2014, zikaanza kufanya kazi Desemba 2015 kwa mikopo ya nyumba na Desemba 2016 kwa mikopo mingine.

Asilimia 5 ya nini, lakini? Turudi kwa zile mashine. Asilimia 5 ya milioni 50 ni milioni 2.5. Chama kinaweza kubaki na tabaka lote la chini, ambalo kwa mfano wetu ni milioni 2.5 kamili. Au kinaweza kubaki na asilimia 5 ya kila tabaka: milioni 2 juu, 375,000 katikati, 125,000 chini. Jumla ni ile ile na sheria inakubali zote mbili, hata mchanganyiko wake. Sasa mashine kumi zigome kulipwa. Chama kilichochagua njia ya kwanza kimepoteza milioni 2.5. Kilichochagua ya pili kimepoteza shilingi 125,000. Tofauti ni mara ishirini, na kwenye karatasi vyote viwili vimebaki na asilimia 5. Nimerahisisha, maana tabaka la chini sheria inalipima kwa thamani yake ya soko, lakini mwelekeo ni huo. Ukisikia mtu anajisifu kwamba muuzaji amebaki na sehemu yake, muulize amebaki na sehemu ipi.

Halafu zikaja ruhusa. Rasimu ya 2011 ilisema mikopo bora ya nyumba isamehewe sharti la asilimia 5, na ili mkopo uitwe bora mnunuzi awe ameweka angalau asilimia 20 ya bei kutoka mfukoni. Kelele zilizozuka ziliwaunganisha watu wasiokaa meza moja: mabenki, madalali wa nyumba na watetezi wa maskini, wote wakisema vijana na familia za kipato cha chini watafungiwa nje. Sharti la asilimia 20 likatupwa. Kanuni ya mwisho inasamehe mkopo wowote uliokaguliwa kipato cha mkopaji na usio na masharti ya ujanja, kama yale yanayofanya deni likue badala ya kupungua. Barney Frank, mbunge wa zamani ambaye jina lake limo katika sheria yenyewe, alilalamika hadharani kwamba msamaha umeimeza kanuni.

Na Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni mawili makubwa kabisa katika biashara hii, yako chini ya uangalizi wa serikali tangu Septemba 2008; dhamana wanayotoa kwa mikopo inahesabiwa kuwa ndiyo sehemu yao ya hatari. Ukijumlisha, mikopo ya nyumba, iliyoanzisha moto wote, ndiyo iliyosamehewa zaidi. Sharti limebaki likiwabana wauzaji wa mikopo ya magari, kadi za benki na majengo ya biashara. Mikopo ya magari ilipita katika msukosuko ule bila aibu kubwa. Ndivyo siasa ilivyo.

Baadaye mahakama nayo ikachukua kipande chake. Kuna mafungu yanayoundwa na mameneja wanaonunua sokoni mikopo ya makampuni, ambayo wao wenyewe hawakuikopesha wala kuimiliki. Februari 9, 2018 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mameneja hao hawafungwi na asilimia 5. Sheria inamzungumzia mtu anayehamisha mali, ikasema mahakama, na huwezi kubakisha sehemu ya kitu usichowahi kuwa nacho. Kama hoja ya lugha ya sheria, ni vigumu kuipinga. Kama kinga ya mwekezaji, ni tundu.

Kufungua gunia

Upande wa pili, ule wa kujua, haupigiwi kelele. Mimi nauona ndio wenye uzito.

Kabla ya msukosuko muuzaji alitoa waraka wenye wastani: wastani wa riba, wastani wa kipato cha wakopaji, jedwali la majimbo. Wastani huficha. Mikopo 100 ya ubora mmoja, na mikopo 50 mizuri iliyochanganywa na 50 mibovu, inaweza kutoa wastani ule ule. Wawekezaji walikuwa wakiuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mara nyingi waliuziwa kwa haraka, kwa saa chache, kwa sababu gunia la jirani lilikuwa limeshanunuliwa.

Agosti 27, 2014 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na hatifungani, SEC, ilipitisha kanuni mpya zilizokarabati zile za mwongo uliotangulia. Muuzaji wa mikopo ya nyumba, ya magari au ya majengo ya biashara anayeuza kwa umma sasa anatoa taarifa za kila mkopo, mmoja mmoja, bila jina la mkopaji, katika mfumo ambao kompyuta inaweza kuusoma. Si mwanzoni tu, bali kila kipindi cha marejesho. Waraka wa awali lazima umfikie mwekezaji angalau siku tatu za kazi kabla ya mauzo ya kwanza. Mkurugenzi mkuu wa kampuni inayouza anatia saini yake mwenyewe kuthibitisha maelezo. Na mikopo ikianza kuharibika kupita kiwango kilichowekwa, na wawekezaji wakapiga kura, mkaguzi wa nje anaitwa kuangalia kama mikopo ilikuwa kweli na sifa zilizotangazwa.

Siku tatu ni kitu kidogo kukisikia. Lakini mtu mwenye siku tatu na orodha ya mikopo 200 anaweza kugundua kwamba 60 kati yake ni ya bandari moja, au kwamba mashine 30 zilikopeshwa na karani mmoja ndani ya wiki moja ya Ramadhani. Kwa wastani hagundui kamwe.

Tundu lipo hata hapa. Kanuni hizo zinafunga mauzo ya hadhara. Wanaouza faragha kwa wawekezaji wakubwa tu hawakulazimishwa kutoa taarifa za mkopo mmoja mmoja. Mikopo ya nyumba ya makampuni binafsi imehamia upande huo kwa wingi.

Kampuni za ukadiriaji zilipata dawa yao, chungu kidogo. Zamani alama nzuri ilikuwa kama pasi: hatifungani yenye alama ya daraja la uwekezaji iliruhusiwa kupita njia ya mkato ya usajili. Pasi hiyo ikafutwa. Muuzaji akatakiwa kuwapa wakadiriaji wengine taarifa zile zile alizompa yule aliyemlipa, ili mwingine ambaye hakulipwa aweze kutoa alama yake. Na yalikuja malipo kutoka kwa wakadiriaji wakubwa: S&P ilikubali kulipa dola bilioni 1.375 mwaka 2015 kumaliza kesi za serikali kuu na majimbo, Moody's karibu milioni 864 mwaka 2017. Kilichobaki vile vile ni kwamba anayelipia alama bado ni anayeuza. Hilo lilijadiliwa sana, likaachwa.

Kuna kisa kimoja cha Julai 2010 kinachostahili kusimuliwa, maana kinaonyesha jinsi sheria inavyoweza kujikwaa siku ya kwanza. Dodd-Frank iliondoa kinga iliyowazuia wakadiriaji kushitakiwa kama wataalamu pale alama zao zinapochapishwa katika waraka wa mauzo. Wakadiriaji wakajibu kwa njia rahisi: hatutoi ruhusa ya alama zetu kuchapishwa. Lakini kanuni nyingine, ambayo hakuna aliyeifuta, ilisema waraka wa hatifungani hizi lazima utaje alama ikiwa mauzo yanaitegemea. Lazima uchapishe, na huruhusiwi kuchapisha. Soko la mauzo ya hadhara likasimama. Kampuni ya mikopo ya Ford ikapeleka ombi SEC, na tarehe 22 Julai, siku moja baada ya saini ya rais, tume ikaandika barua ya kusema haitachukua hatua dhidi ya atakayeacha kutaja alama. Barua hiyo ya muda ikaja kuongezwa bila kikomo. Kipengele kilichotungwa kuwabana wakadiriaji kikalala kwenye barua.

Upande wa vitabu vya hesabu mabadiliko yalikuwa mafupi na makali: kanuni zilizoanza 2010 zilifanya iwe vigumu kwa benki kuficha kampuni ya pembeni ambayo kwa kweli inaiendesha yenyewe.

Ulaya ilipita njia yake. Tangu Januari 2011 iliibana benki inayonunua: usinunue fungu ambalo muuzaji hakubaki na asilimia 5, la sivyo utatenga mtaji mzito. Nadhani hiyo ilikuwa akili nzuri, kwa sababu mnunuzi ana sababu ya kukagua ambayo muuzaji hana. Kanuni kuu iliyoanza Januari 1, 2019 ikawabana wote wawili, ikapiga marufuku kufunga upya mafungu yaliyokwisha kufungwa isipokuwa kwa ruhusa finyu, na ikatoa nafuu ya mtaji kwa mafungu yaliyo sahili na ya wazi.

Kipande kimoja cha Dodd-Frank kilichelewa kupita vyote. Mwaka ule ule wa 2010 Goldman Sachs ililipa dola milioni 550 kumaliza mashitaka kwamba iliuza fungu ambalo mteja wake mwingine alishiriki kulichagua huku akiweka dau kwamba litaanguka. Bunge likaamuru mchezo huo ukatazwe. SEC ilipitisha kanuni yake Novemba 2023, ikaanza kuyabana mafungu yaliyofungwa kuanzia Juni 9, 2025. Miaka kumi na mitano.

Lita ya petroli

Mwaka huo huo wa 2025 Kenya nayo ilikuwa kazini. Julai ilisajiliwa katika soko la hisa la Nairobi hatifungani ya shilingi bilioni 44.79 ya kujenga uwanja wa Talanta, yenye riba ya asilimia 15.04 kwa miaka 15. Na kubwa zaidi ilikuwa ya barabara. Kila lita ya petroli na dizeli ina ushuru wa kutengeneza barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024. Serikali iliuza mapema shilingi 7 kati ya hizo ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai kwa miaka.

Nilipomweleza hivyo nahodha mmoja mzee hapo Mkunguni alinitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi nalipia barabara gani? Hii ya kwenda Manda?" Nikamwambia ndiyo baba, hiyo hiyo ya maji. Dumu la lita 20 lina ushuru wa barabara wa shilingi 500, na 140 kati yake zimeshauzwa kabla hajavuta kamba ya mashine. Alicheka, lakini hakulisahau. Alipopita mwenzake alimwita akamweleza, na hesabu aliipata sawasawa.

Sheria za Marekani na Ulaya hazimfai moja kwa moja. Zilitungwa kumbana mtu anayekopesha ovyo kisha akauza, na katika ushuru wa mafuta hakuna aliyekopeshwa. Hakuna mikopo 200 ya kukagua mmoja mmoja. Ukisema serikali ibaki na asilimia 5 ya hatari, umesema neno zuri lisilouma, maana serikali hiyo hiyo ndiyo inayopanga ushuru, kuukusanya na kuweza kuubadilisha. Hatari iko kwingine: mafuta yakiuzwa kidogo, bodaboda za umeme zikienea, au Bunge likiamua kwamba bei ya petroli imezidi.

Yanayofaa kuchukuliwa kwao ni mawili. Moja ni la vitabu. Wanaoitetea njia hii husema si deni, ni mapato yajayo yaliyouzwa, kwa hiyo yasihesabiwe katika deni la umma. Zile kampuni za pembeni za Citigroup nazo zilielezwa kwa sauti ya namna hiyo, na jibu la wahasibu baadaye lilikuwa kutazama nani atakayebeba mzigo mambo yakiharibika, bila kujali jina lililoandikwa mlangoni. La pili ni taarifa: makusanyo ya ushuru mwezi kwa mwezi, malipo yaliyokwenda kwa wawekezaji, na salio la deni, vikiwekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuvisoma. Hizo si siri za biashara. Ni ushuru.

Kwa mwanachama wa mfuko wa pensheni au chama cha akiba ambaye pesa zake zinaweza kununua karatasi za namna hii, cha kutafuta katika waraka wa mauzo ni mpangilio wa malipo pesa zikipungua. Shilingi 7 zikishindwa kutosha, je, mwekezaji anaruhusiwa kuzigusa 18 zilizobaki? Kama anaruhusiwa, anayebeba hasara ya kwanza hana hatifungani yoyote mkononi: ni mwenye matatu anayengojea mashimo yazibwe kati ya Witu na Garsen. Kama haruhusiwi, hasara ni ya mfuko ulionunua, yaani ya mwalimu na muuguzi wanaokatwa mishahara kila mwezi. Kipengele hicho hakikai kurasa za mbele zenye picha. Anza kusoma kutoka nyuma.